Ziwa Kivu: Upepo wa kiangazi, sambaza na gesi

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, Ziwa Kivu hubadilika. Mvua hukatika, upepo huvuma, maji ya juu hupoa na kuchanganyika na yale ya chini yake, hadi mita 60 hivi. Mbolea iliyokuwa imezama hupanda kwenye mwanga, na mimea midogo isiyoonekana kwa macho huota kwa wingi. Mvua zikirudi, maji hutulia kwa tabaka na mbolea hupungua juu.

Zamani mimea hiyo ililiwa na wadudu wadogo wa majini, lakini katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kuwala wadudu hao. Kati ya 1958 na 1960, Wabelgiji walileta vifaranga vya aina mbili za ndakala kutoka Ziwa Tanganyika. Aina moja haikudumu. Nyingine ilizoea na kuenea: ndiye sambaza anayeuzwa leo Goma, Minova, Kalehe, Idjwi na Bukavu.

Si vyote vinavyoliwa. Kila msimu mabaki huzama kwenye kina kinachofika mita 485, ambako hakuna oksijeni wala upepo haufiki. Huko huoza polepole na kutoa gesi ya metani. Sehemu nyingine ya metani hutokana na gesi ya kaboni ya volkeno. Mtaalamu Mbelgiji Damas alipopima ziwa miaka ya 1935 na 1936, alikuta maji ya chini yamejaa gesi. Kufikia 1963, metani ilitolewa Cap Rubona, upande wa Rwanda, kwa ajili ya kiwanda cha pombe cha Gisenyi.

Gesi hiyo ni mali, tena ni hatari. Mwaka 1986, gesi ya kaboni iliyolipuka kutoka Ziwa Nyos, Kameruni, iliua watu wapatao 1,700. Mwezi wa kwanza 2002, lava ya Nyiragongo iliingia Ziwa Kivu pale Goma. Tabaka za chini zilishikilia.

Mwaka 2022 Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu vitatu vya gesi ziwani. Kuvuna metani ni kupandisha maji ya kina, na maji hayo yana mbolea nyingi. Yasiporudishwa chini, yakamwagwa juu, mimea itaota kupita kiasi, itaoza na kumaliza oksijeni ya sambaza. Upepo wa kiangazi huleta mbolea kwa kipimo. Bomba nalo litahitaji kupimiwa.