Habari za Kale: Jinsi Nguo na Vyombo vya Nyumba Vilivyonunuliwa Mariakani

Katika taarifa ya kila mwaka wanachama husomewa hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka. Yafaa basi, kando ya hesabu hiyo, tuwakumbushe hesabu ya namna nyingine, ile waliyoifanya wazee wetu walipotafuta nguo, vyombo na mapambo katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini. Jambo hili si dogo, kwa maana ndani yake twaona jinsi mwenye nyumba alivyopata vitu vipya, na papo hapo akapoteza kipimo chake.

Zamani za mababu juma lilikuwa la siku nne, na siku ya jumwa watu hawakulima. Walikwenda sokoni, yaani chete. Vitu vya nyumbani karibu vyote vilitoka mikononi mwa jirani: chungu na mtungi kwa mfinyanzi, kinu na mchi kwa mchongaji, mikeka na vikapu kwa wasusi, jembe na kisu kwa mhunzi. Vitu vya mbali, kama nguo, shanga na nyuzi za shaba, vililetwa na wafanyi biashara Waswahili na Wakamba, wakapewa pembe za ndovu, sandarusi, nafaka au mifugo.

Kipimo kilikuwa mbele ya macho ya wote. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Mnunuzi mwerevu aliuliza kwanza kama ni kibaba cha tele, kilichojaa hata kufanya kichuguu, ama ni cha mfuto, kilichosawazishwa mdomoni. Nguo ilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hata ncha ya kidole. Mikono 4 ni pima, na mikono 8 ni doti. Mkono wa mtu mrefu hupita wa mfupi, kwa hiyo mabishano hayakukosekana. Lakini kila mtu alijua kupima, wala hakuhitaji kuamini neno la mwuzaji.

Kazi ya reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika ziwa la Nyanza mwaka 1901. Mariakani, iliyo kilomita kama 36 kutoka Mombasa, ikapata stesheni, na nyuma ya reli wakaja wenye maduka kutoka Bara Hindi. Aliyejulikana kuliko wote ni Allidina Visram, aliyefungua maduka mengi kando ya njia ya reli hata Uganda, naye alifariki mwaka 1916. Lakini wenye maduka walio wengi walikuwa watu wa mtaji mdogo. Walilala nyuma ya duka, na bidhaa zao wenyewe walizikopa kwa matajiri wa Mombasa.

Dukani mlikuwa na chumvi, sukari, viberiti, sabuni, sufuria, vioo, shanga na majembe ya Ulaya. Juu ya vyote ilikuwa nguo. Merikani, nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iliitwa hivyo kwa sababu katika karne ya kumi na tisa ililetwa na merikebu za Marekani, hasa za mji wa Salem. Baadaye nguo kama hiyo ikatoka Bara Hindi na Japani, lakini jina halikubadilika. Kaniki ilikuwa ya rangi ya nili. Kwa vitambaa vya pamba mama zetu walishona hando, vazi la kiunoni lenye marinda mengi. Aliyetaka leso za fahari alizitafuta Mombasa, ambako Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mwaka 1887, na chapa yake ya Mali ya Abdulla ikajulikana pwani nzima.

Hata chombo kilichobaki kitupu kilikuwa mali. Mafuta ya taa yaliletwa katika madebe ya bati ya galani 4. Mafuta yakiisha, debe lilichota maji mahali pa mtungi, na mahindi yakapimwa kwalo badala ya pishi. Mkopo mdogo wa bati ukafanywa koroboi. Hivyo mfinyanzi akaanza kupungukiwa na wanunuzi.

Fedha nazo zilibadilika. Rupia ilikuwa pesa 64, na 15 zilifanya pauni moja. Mwaka 1905 iliamriwa rupia igawanywe kwa senti 100. Kati ya mwaka 1920 na 1922 rupia ikaondolewa, ikapita florini kwa muda mfupi, kisha ikaja shilingi; rupia moja ikahesabiwa kwa shilingi mbili. Tena tangu mwaka 1901 kulikuwa na kodi ya nyumba, iliyotakiwa kwa rupia. Aliyekuwa akibadilisha mahindi kwa nguo akalazimika kuuza mahindi ili apate fedha, na aghalabu aliuza mara tu baada ya mavuno, wakati bei iko chini. Ghala ikiisha, alirudi kununua chakula kwa bei ya juu, au akakopa.

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Deni liliandikwa katika daftari la mwenye duka, aghalabu kwa Kigujarati, na mdaiwa hakuweza kulisoma. Mtu aliyejua kibaba cha tele na cha mfuto alisimama mbele ya mizani na maandishi asiyoyafahamu. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Wala tusiwalaumu wenye maduka wote, maana wako waliowakopesha watu wakati wa njaa na kungoja mavuno. Lakini wema wa mkopeshaji si badala ya elimu ya mkopaji.

Ndiyo sababu chama huwasomea wanachama hesabu kwa sauti, kwa lugha ambayo kila mmoja aifahamu. Twawaomba wazee wenye pishi, sarafu za rupia au madaftari ya zamani wayaonyeshe kwa katibu, ili majina ya vitu na vipimo vyake yaandikwe kabla hayajasahauliwa.