Kurigalzu wa Kwanza na Mnara wa Aqar Quf

Mnara huu wenye kimo cha zaidi ya mita 50 ni kiini cha zigurati, jengo la ibada lililopanda kwa ngazi, la mungu Enlil. Wasafiri wa zamani waliokuja kutoka Baghdad walidhani ndio Mnara wa Babeli. Sivyo. Hapa ni Dur-Kurigalzu, mji uliopewa jina la mfalme aliyeujenga.

Kurigalzu wa Kwanza alitawala Babeli mwanzoni mwa karne ya 14 KK. Alikuwa Mkashi, wa ukoo wa wageni walioishika nchi kwa karibu miaka 400 huku wakiienzi miungu ya wenyeji. Yeye mwenyewe alikarabati mahekalu ya kale huko Uru. Wakanaani walipomtaka aungane nao dhidi ya Misri, alikataa. Habari hiyo imo katika barua ya mzao wake, Burna-Buriash wa Pili, kwa Farao.

Sogea uangalie ile mistari myeusi inayokata mnara kwa mlalo. Ni mikeka ya matete, iliyotandazwa kila baada ya safu kadhaa za matofali mabichi ili kuyashikanisha na kupitisha unyevu. Matete hayo yana zaidi ya miaka 3,000, na bado yanaonekana! Ngazi na sehemu ya chini zilijengwa upya katika karne ya 20.

Tafadhali usipande juu ya kiini wala usichomoe tete hata moja.