Lugha za Asia katika Njia ya Karagwe

Kata ya Kimuli imo wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, katika nchi ambayo hadi mwaka 2012 ilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe. Kijana wa huko akienda kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita elfu moja kabla ya kuiona Bahari ya Hindi. Basi akiambiwa kwamba pamoja na somo lake kuu inafaa ajifunze lugha na desturi za Asia, ziwe somo lake la pili, aghalabu hushangaa. Karagwe na Asia, wapi na wapi? Mshangao huo una sababu zake, lakini historia ya Karagwe yenyewe hauiungi mkono.

Katikati ya karne ya 19 Karagwe ilikuwa dola ya Omukama, nayo ilikaa juu ya njia kuu ya biashara itokayo pwani, ipitayo Tabora na kuelekea Buganda. Mwaka 1844 Mwarabu mmoja, Ahmed bin Ibrahim, alikwisha kufika katika baraza la Kabaka Suna. Huko Kafuro, pasipo mbali na makao ya Omukama, wafanya biashara wa pwani walijenga nyumba na maghala yao. Walileta nguo, shanga na nyaya za shaba, wakachukua pembe za ndovu. Nguo ya merikani ilitoka Marekani, bali kaniki ilitoka Bara Hindi. Miongoni mwa wafanya biashara hao alikuwamo Musa Mzuri, Mhindi wa mji wa Surat, ambaye sifa yake ilienea kutoka Tabora hadi Karagwe. Speke aliandika kwamba Musa alimsaidia Rumanyika wakati Omukama huyo aliposhindana na ndugu yake Rogero kwa ajili ya ufalme. Asia, basi, haikuwa jambo la mbali kwa watu wa Karagwe. Ilikuwa imekaa barazani.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Novemba 1861. Mwezi huo maafisa wawili wa jeshi la Kiingereza la Bara Hindi, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika kwa Rumanyika wakitafuta chimbuko la mto Nile. Speke hakukijua Kiswahili vizuri, ila alikuwa amejifunza Kihindustani katika utumishi wake. Kiongozi wake aliyemtegemea sana, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa Unguja, akapelekwa utumwani Bara Hindi, na kurudi akiwa huru baada ya bwana wake kufa. Hata jina lake ni la mji wa Kihindi. Kwa hiyo maneno mengi ya Speke safarini yalianza kwa Kihindustani, yakapokewa na Bombay, yakageuzwa kuwa Kiswahili, kisha yakaingia katika lugha za wenyeji. Na Rumanyika, ambaye hakupata kuiona pwani, aliwaamkia wageni wake kwa Kiswahili kizuri, jambo lililomfurahisha Speke hata akaliandika.

Katika mkutano ule yamo mafunzo mawili. Omukama alijifunza lugha ya wageni kwa hiari yake, akiwa mwenyeji katika nyumba yake, ili apate kusema nao mwenyewe. Bombay alijifunza lugha ya Asia kwa kulazimishwa, na ada ya masomo yake ilikuwa uhuru wake. Kati ya njia hizi mbili, ile ya Rumanyika ndiyo ifaayo kuigwa na chuo.

Alama za mawasiliano hayo zimebaki vinywani. Mkulima wa Kimuli ajazaye kahawa katika gunia, aitie garini, kisha ahesabu bei yake kwa laki, hutumia maneno yaliyotoka Bara Hindi. Wakati wa Wajerumani fedha ya nchi ilikuwa rupia, kabla ya shilingi kushika mahali pake baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Lakini jambo zito zaidi liko katika maandishi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Karagwe haikukosa daftari. Wahindi wa Unguja waliokopesha misafara waliandika hesabu zao kwa Kigujarati, na Waarabu waliandika barua zao kwa Kiarabu. Ilhali mwanafunzi wa leo, akitaka kuijua Karagwe ya zamani, huanza na vitabu vya Speke, Grant na Stanley, kwa kuwa Kiingereza anakisoma. Humjua mfanya biashara kwa maneno ya msafiri aliyepita, wala hamsikii mfanya biashara mwenyewe. Sehemu ya historia yake imefungwa kwa kufuli, na ufunguo ni lugha ambayo hakufundishwa.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha chuo kamili mwaka 1970. Wakati huo huo Asia haikulala. Beijing ilianza kufundisha Kiswahili katika miaka ya 1960. Baadaye Osaka na Seoul nazo zikakiweka katika masomo ya chuo kikuu. Upande wa Afrika Mashariki, Taasisi ya Confucius ilifunguliwa Nairobi mwaka 2005, na mwaka 2013 zikafuata za Dar es Salaam na Dodoma, ili kufundisha Kichina.

Wako wasemao kwamba Kinyambo chenyewe bado kina mengi ya kuandikwa, na kwamba fedha za chuo ni chache. Hoja hiyo ni ya haki. Hata hivyo somo la pili haliliondoi la kwanza. Mwanafunzi wa historia akijua Kigujarati au Kiarabu huitumikia Karagwe ile ile. Hatari kubwa ni nyingine: kujifunza lugha ya yule tu aliye na fedha leo, na kwa ajili ya ajira tu. Kichina kina faida yake, lakini mwenye kuchagua kwa kufuata soko peke yake atabadili lugha kila soko likibadilika, na daftari za Unguja zitabaki bila msomaji.

Rumanyika hakungoja mkalimani amwamkie mgeni kwa niaba yake. Kijana wa Kimuli akichagua lugha ya Asia kuwa somo lake la pili, hafuati jambo geni. Arudia desturi ya nyumbani kwao.