Gari Lilivyofundishwa Kujinusa

Pikapu ya marehemu baba ilikuwa na tabia moja ambayo sisi watoto tuliipenda. Akiiegesha uani saa saba mchana na kuzima injini, boneti ilianza kutoa harufu ya petroli, nzito na tamu, na haikukoma mpaka chuma kipoe. Siku moja fundi aliitwa. Akalala chini ya gari, akapapasa mipira na viungo vyote, akainuka na mikono mikavu. "Mzee, hapa hakuna kinachovuja," alimwambia baba.

Kwa macho yake alisema kweli, maana ardhini hapakuwa na hata tone. Petroli ilikuwa ikichemka polepole ndani ya kabureta, juu ya injini yenye moto, na mvuke wake ukaenda zake kupitia matundu ambayo kiwanda kiliyaweka makusudi ili kabureta ipumue. Tangi nalo lilipumua kwa njia yake. Magari ya zama hizo, yawe ya Ulaya, Japani au Marekani, yaliundwa hivyo, na hakuna aliyeuita mvuke ule uvujaji. Ili uitwe uvujaji ilibidi kwanza mji mmoja mkubwa uumwe macho.

Tarehe 26 Julai 1943, vita vikiwa vimepamba moto, wakazi wa Los Angeles walifunikwa na ukungu wa moshi uliowatoa machozi na kuwakereketa koo. Wapo waliodhani Wajapani wamewarushia gesi ya sumu. Kisha kidole kikaelekezwa kwenye kiwanda cha mjini kilichokuwa kikitengeneza kemikali ya mpira wa bandia kwa mahitaji ya vita. Kiwanda kikafungwa kwa muda, ukungu ukarudi vilevile. Los Angeles imekaa kama bakuli: milima imeizunguka upande wa bara, na mara kwa mara tabaka la hewa ya moto hutanda juu yake kama kifuniko. Kinachotoka ardhini hubaki humo kikipikwa na jua.

Aliyekuja kueleza kinachopikwa ni Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Utrecht, Uholanzi, aliyekuwa akifundisha katika chuo cha Caltech, Pasadena. Kabla ya hapo alikuwa akichunguza ni vitu gani vinavyolifanya nanasi linukie nanasi. Alikuwa mtu wa harufu, na alilikabili anga la mji wake kama alivyolikabili tunda: alivuta hewa nyingi ya Pasadena, akaipoza, akabaki na matone machache ya kahawia yenye harufu kali. Kutokana na kazi hiyo, na majaribio yaliyoifuata, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba haidrokaboni, yaani mvuke wa petroli na jamaa zake, zikikutana na oksidi za naitrojeni chini ya jua huzaa ozoni na vitu vingine vinavyochoma macho. Ushahidi wake mmoja ulikuwa wa kawaida kabisa, vipande vya mpira vilivyokunjwa. Ozoni huupasua mpira ulionyooshwa, na mipira ya Los Angeles ilikuwa ikipasuka upesi isivyo kawaida.

Wenye visima na viwanda vya mafuta hawakufurahi. Chama chao kiligharimia utafiti mwingine uliompinga, na ubishi ukaendelea kwa miaka kadhaa. Haagen-Smit aliendelea na majaribio yake hadi ukweli ukakubalika. Mwaka 1968 akawa mwenyekiti wa kwanza wa Bodi ya Rasilimali ya Hewa ya California, chombo ambacho kimewatia kiwewe watengenezaji wa magari kuliko serikali nyingi za dunia.

Kwangu mimi, jambo zito zaidi katika hesabu za uchafuzi wa magari lilikuwa kwamba lawama haikuishia kwenye moshi wa ekzosi. Katika gari lisilo na kinga yoyote, karibu sehemu moja ya tano ya haidrokaboni zilizoingia hewani ilitokana na petroli ambayo haikuwahi kufika kwenye moto wa injini. Ilipaa tu kutoka kwenye tangi na kabureta, gari likiwa limesimama na mwenyewe akila chakula cha mchana.

California ilidai kinga dhidi ya mvuke huo kwa magari ya modeli ya 1970, na mwaka uliofuata dai hilo likawa la Marekani nzima. Chrysler kwanza walijaribu kuuhifadhi mvuke ndani ya injini yenyewe, kule chini kunakokaa oili. General Motors walitumia kopo la mkaa, na mkaa ndio ulioshinda. Si mkaa wa jikoni, lakini ni ndugu yake. Hutengenezwa kwa namna ya kuufanya uwe na vinyweleo visivyohesabika, hata gramu moja ikawa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 1,000. Mvuke wa petroli huingia humo na kunata. Injini ikiwaka, huvuta hewa safi kupitia kwenye mkaa, ikang'oa mvuke ule na kwenda kuuchoma. Dawa yenyewe haikuwa ngeni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wamarekani walihimizwa kukusanya kokwa za pichi na maganda ya nazi ili zichomwe kuwa mkaa wa barakoa za askari. Mkaa uliozuia gesi isiingie mapafuni ndio uliokuja kuzuia petroli isitoke garini.

Basi kila mtu aliamini kazi imekwisha, na hapo ndipo kosa lenye funzo lilipotokea. Wapimaji wa mwanzo walifunga vikopo vya mkaa kwenye matundu waliyoyajua, wakavipima uzito kabla na baada ya jaribio. Uzito ukiongezeka kidogo, gari limefaulu. Lakini mvuke hausomi michoro ya mhandisi. Ulikuwa ukipenya kwenye maungio, kwenye ngozi ya mipira, kwenye kila mahali ambapo hakuna aliyeweka kopo. Magari yalifaulu mtihani huku anga likizidi kuchafuka.

Jawabu lilikuwa chumba. Kuanzia modeli za 1978, gari liliingizwa zima katika chumba kisichopitisha hewa, mlango ukafungwa, na hewa yote ya humo ikapimwa. Kwa njia hiyo hakuna anayelazimika kubashiri mvuke unatokea wapi, maana popote utokapo utakutwa chumbani. Kiwango cha taifa kilianza na gramu 6 kwa jaribio, na kufikia modeli za 1981 kikashushwa hadi gramu 2. Nauheshimu sana uamuzi ule. Ni kukiri kwamba ukitafuta pale tu unapotegemea kuona, utaona ulichotegemea.

Hata hivyo chumba kilipima gari jipya. Gari la miaka 10, lenye mpira uliochanika na mfuniko wa tangi uliopoteza raba, lingepimwa na nani? Kuanzia modeli za 1996 sheria ya Marekani ililitaka gari lijipime lenyewe, ligundue hata tundu la milimita moja katika mfumo mzima wa mvuke, na kuwasha taa ya injini. Kuanzia modeli za 2000, California ikaanza kudai nusu milimita.

Fikiria maana yake. Tangi la lita 60, mipira mirefu, kopo la mkaa na vali zake, halafu tundu dogo kuliko ncha ya kalamu. Njia ya kwanza ilikuwa kufunga tundu la kuvutia hewa, kuiacha injini inyonye mpaka kuwe na ombwe kidogo ndani ya tangi, kisha kufunga kila kitu na kutazama sensa ya presha. Ombwe likipotea haraka, pana tundu. Ndiyo maana kipimo hutaka injini iwe imepoa na tangi lisiwe tupu wala kujaa hadi shingoni. Watengenezaji wengine walikuja na njia ninayoipenda zaidi kwa unyenyekevu wake: gari linazimwa, mafuta yanapoa, na mvuke unapopoa hunywea na kujifanyia ombwe lenyewe. Kompyuta inabaki macho ikisubiri. Ombwe lisipotokea, kuna mahali panapumua.

Taa ikiwaka, namba inayotoka kwenye mashine ya fundi haitaji mahali. P0455 husema tundu ni kubwa, P0442 ni dogo, P0456 ni dogo sana. Ndugu zetu walioko Marekani wanazifahamu vizuri, kwa sababu katika majimbo mengi gari lenye taa hiyo halipiti ukaguzi. Wengi huanza kwa kununua mfuniko mpya wa tangi, na mara nyingine hupatia. Wasipopatia, huanza kubadilisha vali moja baada ya nyingine, na fedha zikaishia hapo. Mafundi waangalifu walikwishaacha kubahatisha. Hupasha moto mafuta ya madini hadi yatoe moshi mweupe, wakausukuma ndani ya mfumo kwa presha isiyofika hata psi 1, ikiwezekana kwa gesi ya naitrojeni ili hewa isichanganyike na mvuke wa petroli. Kisha huzima feni, hushika tochi, na kungoja. Kompresa ya kujazia matairi haifai hapa hata kidogo, maana inaweza kupasua kopo na kuleta hatari ya moto.

Kwetu huku mambo ni tofauti. Sheria ya gari kujipima uvujaji ilianzia Marekani, na gari lililotengenezwa kwa soko jingine linaweza kuwa na kopo la mkaa bila kuwa na mtambo wa kulilinda. Nimefungua boneti nyingi nikakuta kopo limeng'olewa na mpira wake kuzibwa kwa skrubu, eti halina kazi. Hapo tumerudi kwenye pikapu ya baba.

Kinyume chake, Toyota nyingi zilizouzwa Marekani miaka ya 2000 hujipima uvujaji usiku. Pampu ndogo iliyo karibu na tangi hungoja saa 5 tangu injini izimwe. Injini ikiwa bado ina joto, hungoja hadi zitimie saa 7, kisha 9 na nusu. Kwanza huvuta hewa kupitia tundu la mfano la nusu milimita, presha yake ikakumbukwa, kisha huvuta kwenye tangi na kulinganisha. Aliyeegesha saa moja jioni anaweza kusikia saa sita usiku mvumo mdogo ukitoka nyuma ya gari lililofungwa, lisilo na mtu ndani. Hudumu dakika chache, kisha hunyamaza.