Kwa nini moyo wa nyoka, kobe na mamba hauzimiki upesi

Ukimpasua kobe au nyoka aliyekwisha kuuawa, unaweza kukuta moyo wake bado unapiga. Wapo wanaodhani huo ni uchawi. Hapa tunaeleza sababu yake, kwa kuwa kuielewa kunaweza kumwokoa mtu.

Moyo wa wanyama hawa, kama wetu, hujianzishia mapigo wenyewe. Neva, yaani mishipa ya fahamu, huongeza au kupunguza kasi tu. Neva ya vagasi hutoka kwenye ubongo, hupita shingoni na kufika moyoni. Ikisisimuliwa hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, na mapigo hupungua au husimama kwa muda. Neva nyingine, za simpathetiki, huharakisha mapigo.

Mwaka 1845, ndugu wawili Wajerumani, Ernst na Eduard Weber, walionyesha kuwa kuisisimua vagasi kwa umeme husimamisha moyo. Miaka ya 1880, Walter Gaskell wa Cambridge, Uingereza, aliuchunguza moyo wa kobe. Kobe alimfaa kwa sababu moyo wake hupiga polepole na huendelea kupiga kwa muda mrefu hata ukitolewa mwilini. Alipoisisimua vagasi, mapigo yalipungua kasi na nguvu.

Mamba wa Mto Ruvuma na Ziwa Nyasa hutumia njia hiyohiyo. Akishtuka na kuzama, vagasi hupunguza mapigo yake ili oksijeni isiishe upesi. Hivyo anaweza kukaa chini muda mrefu bila kuonekana. Maji kutulia si dalili kwamba hayupo.

Baridi nayo hupunguza mapigo. Mwezi Juni na Julai, asubuhi za Songea zikiwa za baridi kali, nyoka anaweza kulala kama mfu. Jua likimpasha, moyo huongeza kasi naye huamka.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, usimshike nyoka kwa mkono kwa kuwa tu hatikisiki. Hata kichwa kilichokatwa kinaweza kuuma na kuingiza sumu kwa dakika nyingi. Kiondoe kwa jembe au koleo, ukifukie, na watoto wasikichezee. Mtu akiumwa, asichanjwe wala sumu isinyonywe. Atulie, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na awahishwe kituo cha afya.