Kuongoza Mbele na Kuongoza Nyuma: Akhwari, Bayi na Maana ya Uongozi katika Riadha ya Tanzania

Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, uongozi ulikuwa na ncha mbili. Mbele alitembea kirangozi, mshika bendera, ambaye kazi yake ilikuwa kuijua njia na kuweka mwendo wa kufuatwa na wengine. Nyuma walikuwapo wanyapara, waliohakikisha kwamba hapana mpagazi wala mzigo uliosalia njiani. Msafara uliomfikisha kirangozi peke yake haukuwa umefika. Kiswahili cha leo kimebaki na neno kiongozi, na fikra za wengi zimeliegemeza upande wa mbele tu. Historia ya riadha ya Tanzania inatoa fursa ya kulitazama upya neno hilo, kwa kuwa wanariadha wake wawili wanaokumbukwa zaidi, John Stephen Akhwari na Filbert Bayi, walipata sifa zao katika ncha hizo mbili tofauti.

Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, alishiriki mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968. Mji huo uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na uhaba wa hewa uliwaadhibu wengi. Abebe Bikila wa Ethiopia, bingwa wa mwaka 1960 na 1964, alijitoa kabla ya nusu ya safari. Akhwari alibanwa na misuli, kisha katika msukumano wa wakimbiaji akaanguka, akateguka goti na kuumia bega. Alifungwa bandeji, akaendelea. Kati ya wakimbiaji 75 walioanza, 57 ndio waliomaliza, na yeye alikuwa wa 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, jua limekwisha kuzama na watazamaji wengi wamekwisha ondoka.

Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma safari ndefu kiasi kile ili aanze mbio, bali ili azimalize. Jibu hilo lilienezwa duniani kwa Kiingereza, lakini uzito wake huonekana vizuri zaidi likirudishwa katika Kiswahili, kwa sababu limesimama juu ya kitenzi kutuma. Kitenzi hicho kimezaa maneno mawili yaliyo mbalimbali kama mbingu na ardhi: mtume, mwenye kubeba ujumbe mtukufu, na mtumwa, asiye na hiari ya nafsi yake. Akhwari alijihesabu kuwa mbeba amana. Goti lilikuwa lake, bali safari ilikuwa ya waliomtuma.

Hata hivyo, kumkumbuka kwa usiku ule peke yake ni kumpunja. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970, Akhwari alimaliza marathoni akiwa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Huo ulikuwa muda bora kuliko ule uliompa Wolde dhahabu katika hewa nyepesi ya Mexico. Aliyechechemea mwaka 1968 alikuwa mwanariadha wa daraja la juu aliyepatwa na ajali, wala si mtu aliyeridhika na kushiriki.

Bayi alikuwa kirangozi. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, akiwa na umri wa miaka 20, alikimbia fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kinyume cha desturi. Wakati huo wakimbiaji wa masafa ya kati walizoea kuviziana hadi mzunguko wa mwisho. Bayi alitoka mbele tangu mwanzo na hakupitwa. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaivunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. La kuzingatiwa zaidi ni kwamba John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi hiyo ya zamani. Aliye mbele aliwavuta walio nyuma yake wakafika mahali ambapo hapana aliyewahi kufika. Rekodi ya michezo ile iliyowekwa siku hiyo ilidumu hadi mwaka 2022.

Kisha ukaja mwaka 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini wakati damu ya wanafunzi wa Soweto haijakauka, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania miongoni mwao, zikasusia Olimpiki ya Montreal. Pambano la Bayi na Walker lililongojwa na dunia halikufanyika. Walker alichukua dhahabu. Hapa ndipo kitenzi kutuma kinapoonyesha makali yake. Msimamo wa nchi ulikuwa wa haki, lakini gharama yake ililipwa na vijana ambao ubora wao haukuwa wa kungoja. Bayi alirudi mwaka 1980 mjini Moscow, akapata fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui akapata fedha katika mita 5,000. Hadi kumalizika kwa Olimpiki ya Paris ya 2024, Tanzania haikuwa imepata medali nyingine katika michezo hiyo. Bayi baadaye aliingia katika uongozi wa Kamati ya Olimpiki ya nchi yake na kuanzisha shule.

Akhwari alitunukiwa nishani ya heshima mwaka 1983, miaka 15 baada ya Mexico. Heshima hiyo ilistahili, lakini nishani hutazama nyuma. Anayetumwa akiwa na wajibu wa kufika, anayetuma ana wajibu wa kumwandaa: viwanja, makocha, matibabu na mashindano. Mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo, yeye na mpinzani wake Mjerumani wakiandikiwa muda mmoja, akailetea Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Ushindi huo ulipatikana katika mbio zilezile ambazo Akhwari alikataa kuziacha. Kati ya magoti yale ya 1968 na hatua zile za mwisho za Tokyo ipo miaka 57, na sehemu kubwa ya urefu wake ni deni la waliotuma.