Damu Haimwagiki Yenyewe

Sikiliza jinsi tunavyoomboleza uchaguzi wa 2007 hapa Kenya, iwe ni kwa shairi, kwa wimbo ama kwa maombi ya kanisani. Kuna vitenzi havikosi. Damu ilimwagika. Udugu ulivunjika. Nyumba ziliteketea. Nchi ilichafuka. Sasa rudia polepole ujiulize: nani alimwaga? Nani aliteketeza? Mwalimu wa Kiswahili angekuambia hiyo ni kauli ya kutendeka, ile ambayo mara nyingi huishia na -ika, na ambayo mtendaji hana haja ya kutajwa. Tulifundishwa shule ya msingi, tukaiandika kwa mtihani, tukasahau. Lakini mimi naona kwamba ndani ya kile kiambishi kidogo kuna historia yetu nzima ya kulilia demokrasia bila kumsumbua mtu.

Hebu tukumbushane, kwa sababu wengi wetu tulikuwa watoto. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, akamtangaza Mwai Kibaki mshindi dhidi ya Raila Odinga, na jioni hiyo hiyo Kibaki akaapishwa Ikulu. Serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 1 Januari, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likachomwa likiwa na watu ndani, wengi wao wanawake na watoto waliokimbilia hapo. Mwisho wa mwezi, Nakuru na Naivasha, wengine nao wakasakwa kwa kabila lao. Kule Kisumu, wengi waliouawa walipigwa risasi na polisi. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu maiti 1,133. Waliotimuliwa makwao walikuwa mamia ya maelfu.

Na kura yenyewe? Mwanzoni mwa Januari Kivuitu aliwaambia wanahabari kwamba hajui kama Kibaki alishinda. Yeye, mtu aliyemtangaza. Baadaye mwaka huo tume ya Jaji Johann Kriegler ikasema haiwezekani kujua mshindi alikuwa nani. Kwa hivyo jibu rasmi la swali lililotuua ni kwamba halina jibu. Kura ziliharibika. Unaiona tena hiyo -ika?

Waandishi hawakunyamaza. Januari 2008, Binyavanga Wainaina na wenzake Nairobi walijikusanya, wakajiita Concerned Kenyan Writers, wakaanza kuandika huku nchi ikiwaka. Mwaka huo jarida la Kwani? likatoa toleo lake la tano kwa sehemu mbili, na ndani yake kuna masimulizi ya watu waliopitia vurugu zenyewe. Hiyo ni kazi ya maana na ningependa isomwe zaidi. Lakini sehemu kubwa ilikuwa kwa Kiingereza, na mtu wa Mathare ama Burnt Forest hakuwa anaingoja dukani.

Maombolezo yaliyomfikia yeye yalikuwa ya aina nyingine. Redio zilicheza Daima ya Eric Wainaina, tena na tena. Makanisa yaliombea amani. Na shuleni kulikuwa na yale mashairi ya kukariri kwa pamoja, watoto thelathini wamevaa sare, mikono inapaa na kushuka kwa mpangilio, wanamsihi ndugu arudi kwa ndugu. Kama ulisoma Kenya, hata kama hukukariri moja, ulikaa chini ukasikiliza. Adui wa shairi hilo alikuwa mmoja tu, naye aliitwa Ukabila. Ukabila umetutenganisha. Ukabila umetumaliza. Ukabila hana uso, hana nambari ya kitambulisho, hajawahi kuhutubia mkutano wala kukodisha lori la vijana. Huwezi kumpeleka kortini. Mgeni rasmi alipiga makofi, na wakati mwingine mgeni rasmi alikuwa mwanasiasa.

Sisemi kulia ni bure. Mama aliyepoteza watoto hana deni la kututajia muuaji ili kilio chake kikubalike. Pia kuna wakati kutaja kulikuwa hatari: shahidi alirudi nyumbani akaishi ua kwa ua na aliyemchomea. Lakini kilio cha mfiwa ni kimoja, na kilio cha taifa ni kingine. Taifa likilia kwa -ika, linajisamehe.

Kuna jambo lingine linaloniudhi zaidi. Waliochochea walijua ushairi. Kabla ya panga kutoka, kulikuwa na fumbo. Kwenye mikutano ya siasa Bonde la Ufa, tangu vita vya kikabila vya miaka ya tisini, watu wa makabila mengine waliitwa "madoadoa". Hiyo ni istiari, tena fupi na nzuri kisanaa. Doa halina mama. Doa halina shamba lililonunuliwa kwa hati. Doa kazi yake ni kufutwa. Mwanzoni mwa 2008, wapiga simu kwenye redio za lugha za mama walizungumzia nyasi zinazohitaji kukatwa, na upande wa pili wakazungumzia wanyama kutoka magharibi. Kila upande ulikuwa na malenga wake. Januari 2022 seneta mmoja alisimama Eldoret akatamka neno lile lile, akakamatwa, na miezi michache baadaye Tume ya Uwiano na Utangamano ikaliweka "madoadoa" kwenye orodha ya maneno ya chuki. Ilichukua miaka thelathini, zaidi ama kidogo, kwa serikali kuandika neno moja kwenye karatasi.

Ndiyo maana siwezi kusoma maombolezo ya uchaguzi bila kumkumbuka kijana mmoja wa Mombasa.

Mwaka wa 1968 Abdilatif Abdalla alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa upande wa KPU, chama alichokianzisha Jaramogi Oginga Odinga 1966 baada ya kuachana na KANU. Mwaka huo wa 1968 kulikuwa na uchaguzi wa serikali za mitaa, na karatasi za wagombea wa KPU zikakataliwa. Ati hazikujazwa sawasawa. Demokrasia ilikuwa na miaka mitano tu na tayari ilikuwa inafungiwa mlango kwa kisingizio cha fomu. Abdilatif akaandika kijikaratasi kwa Kiswahili, kikasambazwa kisirisiri. Kichwa chake kilikuwa maneno mawili: Kenya: Twendapi?

Halikuwa shairi, lakini angalia lile neno. Twendapi. Kuna sisi, kuna kwenda, na kuna swali. Hakuna kilichotendeka chenyewe. Na swali hilo linabeba lingine ndani yake, kwa sababu abiria akiuliza tunaenda wapi, dereva ndiye anayegeuka. Serikali ya Jomo Kenyatta iligeuka. Abdilatif alihukumiwa miaka mitatu jela kwa uchochezi.

Jibu la swali lake lilikuja akiwa ndani. Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi. Mwezi wa Oktoba, Kenyatta alienda Kisumu kufungua hospitali, umati ukazomea, walinzi wake wakafyatulia watu risasi. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akazuiliwa. Ufa kati ya Mluo na Mkikuyu, ambao mwaka wa 2007 tuliambiwa ni chuki ya tangu jadi, ulipanuliwa mwaka ule na watu wenye vyeo, kwa tarehe tunazozijua.

Jela, Abdilatif aliandika mashairi kwenye karatasi ya choo, yakatolewa nje kwa siri. Mwaka wa 1973 yakachapishwa kama Sauti ya Dhiki, na 1974 kitabu kikashinda tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta. Naam, jina lile lile. Mwenyewe alikuwa ameshahamia Tanzania.

Mle ndani kuna shairi linaloitwa "Mnazi: Vuta N'kuvute". Ndugu wawili wanabishana juu ya mnazi, na wasomi wamelisoma kama picha ya Kenya baada ya uhuru. Kinachonivutia ni umbo lake. Ni malumbano, kama yale ya Mombasa ya zamani, enzi za Muyaka bin Haji, ambapo mshairi anatupa beti na mwingine anajibu. Katika malumbano huwezi kujificha nyuma ya -ika. Unasema "mimi nadai hiki," na mwenzako anakujibu wewe, si hewa. Kila mmoja anasimama na dai lake mchana kweupe. Ukifikiria vizuri, uchaguzi ulikuwa uwe hivyo.

Na kuna "Mamba". Hapo Abdilatif anatumia fumbo, kwa sababu alishaonja bei ya kusema wazi. Mtu anaweza kuniuliza: sasa tofauti yake na "madoadoa" ni gani, kama yote ni mafumbo? Tofauti ni nani anafunikwa. Fumbo la mfungwa linamfunika msemaji ili aendelee kuishi, lakini linamwacha mkosaji na meno yake nje, kila mtu ayaone. Fumbo la mchochezi linamfunika jirani, hadi asionekane kuwa mtu. Na ile kauli yetu ya kutendeka inamfunika muuaji.

Tumeona matokeo. Washukiwa wanne wa moto wa Kiambaa waliachiliwa na Mahakama Kuu ya Nakuru 2009. Kesi za The Hague zilianguka moja baada ya nyingine, ya mwisho Aprili 2016, bila hukumu hata moja ya hatia. Sidai kwamba shairi lingeleta ushahidi. Lakini nchi iliyozoea kusema damu ilimwagika haishtuki sana inapoambiwa hakuna aliyeimwaga.

Juni 2024, vijana walijaza barabara kupinga Mswada wa Fedha, wakisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Risasi zilipofyatuliwa, walifanya kitu ambacho 2008 hakikufanyika kwa wingi hivyo: walisambaza mtandaoni majina na nyuso za waliouawa, siku, na mahali. Wenye vyeo wao walisema kuna watu "waliopoteza maisha". Kana kwamba maisha ni funguo, umeziangusha kwa matatu. Mtaani, watu waliandika "ameuawa", wakaongeza na nani.

Ile orodha ya majina, kwangu, ni maombolezo yaliyojifunza sarufi. Haina vina wala mizani, lakini ina mtendwa mwenye jina na mtendaji anayeulizwa. Malenga wetu wana kitu cha kuanzia hapo, na uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Wanasiasa watakuja na mafumbo mapya, kwa sababu yale ya zamani yako kwenye orodha ya serikali. Tutayasikia kwanza kama mzaha, kwenye wimbo wa kampeni ama video ya sekunde kumi na tano. Mshairi ndiye anayejua istiari inavyotengenezwa, kwa hivyo yeye ndiye wa kwanza kuifungua na kutuonyesha ni mtu gani amefichwa ndani, kabla ya mtu huyo kuhitaji shairi la kuombolezwa.